Ukilala garini mjini, chunga hewa kabla ya kuchunga wezi

UKIPITA barabara za mjini saa nane za usiku, hasa karibu na vituo vya petroli, hospitali kubwa na stani za matatu, utaona magari yaliyoegeshwa yakiwa na watu ndani. Viti vimelazwa nyuma, vioo vimefungwa hadi juu na kufanya ukungu, na koti limefunikwa usoni. Si wote walio walevi, kama wapita njia wanavyopenda kudhani. Yumo dereva wa teksi anayeishi Thika au Machakos, ambaye amepiga hesabu na kuona kwamba kurudi nyumbani na kuamkia mjini kutamaliza petroli yote aliyoichuma mchana. Yumo utingo anayelinda matatu ya tajiri wake. Yumo kijana aliyemleta mamake hospitalini kutoka mashambani, hana jamaa wa kumpokea wala pesa za gesti. Na yumo pia, ingawa hatakwambia, mpangaji aliyefungiwa mlango kwa sababu ya kodi, ambaye chumba alichobakiwa nacho ni gari.

Mpenzi msomaji, mimi sikushauri ulale garini iwapo una kitanda. Hata hivyo, kumwambia mtu "usifanye" ilhali hana budi kufanya si tiba. Kwa hivyo leo tuzungumze jinsi ya kulala humo na kuamka salama.

Wagonjwa wangu wanaolala garini huniambia kwamba wanachohofia ni wezi. Hiyo ni hofu ya haki, na hakuna mkazi wa Nairobi, Mombasa au Nakuru atakayeicheka. Lakini hofu hiyo hiyo ndiyo huwafanya wafunge vioo vyote, wajifiche kwenye kona ya giza kati ya ukuta na ukuta, na waache injini ikinguruma ili wapate joto au waweze kutoroka haraka. Mambo hayo matatu yakikutana usiku mmoja, mwizi hana haja ya kuja.

Injini ikinguruma

Petroli inapoungua ndani ya injini hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, na haiwashi macho wala koo. Moshi unaouona ukitoka nyuma ya gari si kipimo chake, kwa maana gari linaweza kuonekana halitoi moshi wowote na bado likawa linaitoa gesi hii.

Ukiivuta huingia kwenye damu na kuing'ang'ania himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zinazopita zile za oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Oksijeni hukosa mahali pa kukaa. Moyo unapiga na mapafu yanavuta, lakini ubongo unakauka kwa kukosa oksijeni. Aliye macho huumwa na kichwa, akapata kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea miguu, na akiwa na bahati atafungua mlango. Aliyelala haoni dalili hata moja. Usingizi wake huzama tu na kugeuka kuwa kupoteza fahamu, na asubuhi bawabu hugonga kioo bila kujibiwa.

Labda utaniuliza, "Daktari, bomba la moshi liko nje, gesi itaingiaje ndani?" Huingia kwa njia nyingi. Bomba likitoboka katikati, moshi hutokea chini ya miguu yako na kupanda kupitia tundu za kutu na raba zilizochakaa. Ukiegesha huku nyuma ya gari ikielekea ukuta, boma la nyasi au ukingo wa mtaro, moshi hugonga hapo na kurudi. Penye upepo mdogo hukusanyika chini ya gari na kuingia kupitia matundu ya hewa. Gereji iliyofungwa na maegesho yaliyo chini ya majumba marefu ni pabaya zaidi, kwani huko moshi wa gari la jirani unatosha.

Magari ya kisasa yana kifaa kinachosafisha moshi, na ndani yake mna madini ya thamani kama platini. Kifaa hicho hakifanyi kazi vizuri kabla ya kupata joto. Isitoshe, katika magari mengi tunayoendesha hapa Kenya hakimo tena, ama kiliibwa au fundi alikitoa na kukiuza, na mwenye gari hana habari. Injini za dizeli hutoa kaboni monoksidi kidogo zikilinganishwa na za petroli, jambo ambalo madereva wa malori hulitumia kama cheti cha kuacha injini iwake usiku kucha. Wajue kwamba mwaka wa 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Kuna mtego mwingine ambao umekuja na magari ya haibridi, yale yanayotumia petroli na umeme. Mtu hubonyeza kitufe, gari likawa kimya kabisa, akadhani limezimwa. Kumbe limelala tu. Kipoza hewa au redio ikila betri hadi ikapungua, injini hujiwasha yenyewe bila kukuuliza. Ukilala ndani ya gari la namna hiyo, lizime kabisa, uhakikishe taa zote za dashibodi zimezimika, kisha uweke ufunguo mbali na mkono.

Kanuni basi ni moja. Injini izimwe, na hakuna "dakika tano tu nipate joto." Ukisikia baridi, na Julai ya Limuru au Mai Mahiu inajulikana, tumia blanketi mbili, soksi na kofia ya sufu. Joto jingi hupotelea kwenye vioo, kwa hiyo vizibe kwa kadibodi au nguo, ukiacha upenyo wa hewa.

Jiko la makaa

Makaa yaliyokolea ni hatari kuliko injini, na watu huyaamini kwa sababu hayatoi moshi. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo hutoa kaboni monoksidi kwa wingi. Mwezi wa Mei 2020, foleni ya malori mpakani Malaba iliporefuka kwa kilomita nyingi huku madereva wakingojea kupimwa Covid-19, watu walipika, wakala na kulala kando ya magurudumu kwa siku kadhaa. Upikaji wa nje hauna neno. Lakini jiko likishaivisha ugali haliingizwi ndani ya gari "limalizie joto lake", wala ndani ya hema, wala chini ya turubai la lori. Kufungua kioo kidogo hakutoshi kuondoa gesi ya jiko.

Mahali pa kuegesha

Sasa tuje kwenye mahali penyewe, maana ukipata mahali pazuri utaweza kuzima injini na kufungua kioo bila wasiwasi. Mahali pabaya ndipo humlazimisha mtu kuchagua kati ya mwizi na gesi.

Chaguo langu la kwanza ni kituo cha petroli kinachofanya kazi usiku kucha, chenye taa, bawabu na choo. Usijipenyeze tu. Mwendee bawabu, msalimie, mwambie jina lako na saa utakayoondoka, umwombe akuonyeshe pa kukaa. Watu wengi hawafanyi hivyo kwa sababu ya haya, na kwa maoni yangu hilo ni kosa. Bawabu anayejua kwamba kuna mtu ndani ya gari ndiye atakayegonga kioo akiona hutikisiki. Mnunulie chai. Kaa mbali na pampu, na mbali na bomba la jenereta, kwa kuwa umeme ukipotea usiku jenereta huwashwa na moshi wake ni ule ule.

Chaguo la pili ni yadi ya kulipia yenye lango moja na mlinzi, mahali ambapo madereva wa malori huegesha. Hapa angalia jirani yako. Lori lenye mtambo wa kupoza samaki au maua huunguruma usiku kucha, nawe usilaze dirisha lako mkabala na bomba lake. Ua wa hospitali hufaa iwapo una mgonjwa ndani na umewaarifu walinzi. Kituo cha polisi pia hufaa, ukiingia na kuomba ruhusa kwa askari wa zamu, badala ya kukutwa saa tisa za usiku ukijieleza kupitia kioo.

Popote utakapokuwa, ingia kinyumenyume ili pua ya gari ielekee njia ya kutokea. Siku ukihitaji kuondoka haraka utawasha na kwenda mbele tu, na hivyo huna sababu ya kuiacha injini ikiwaka. Lakini nyuma ya gari isibane ukuta. Tafuta ardhi tambarare, maana kulala kichwa kikiwa chini ya miguu huleta maumivu ya kichwa na kiungulia. Epuka nyasi ndefu zilizokauka. Bomba la moshi lenye moto linaweza kuziwasha.

Kando ya barabara kuu si mahali pa kulala hata kama umechoka vipi. Lori lililosimama gizani bila taa ni ukuta katikati ya njia kwa yule ajaye nyuma, na anayelala ndani huumia pamoja na anayeligonga. Jikaze ufike Mlolongo, Mariakani au Salgaa, au mji wowote wenye taa, ndipo ulale.

Ukishaegesha, hamia kiti cha nyuma. Kulala kwenye usukani huku miguu ikining'inia kwa saa saba huifanya damu isimame miguuni. Vifundo huvimba, na kwa wenye mwelekeo huo damu huweza kuganda ndani ya mishipa mikubwa, kisha donge likasafiri hadi kwenye mapafu. Tembea dakika tano kabla ya kulala na tano ukiamka. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwingine, usiukande. Nenda ukaonwe na daktari siku hiyo hiyo.

Teremsha vioo viwili vya pande tofauti, kila kimoja upana wa vidole viwili. Mkono wa mwizi haupiti hapo, lakini hewa hupita. Upenyo huo hauwezi kukukinga na injini inayowaka. Kazi yake ni kupunguza joto, unyevunyevu na vijidudu. Dereva na turniboi wake hulala wakipuliziana pumzi wiki baada ya wiki, na mmoja akiwa na kifua kikuu kichwa cha lori kilichofungwa ndicho mahali bora pa kumwambukiza mwenzake. Kikohozi kikipita wiki mbili, nyote wawili mkapimwe.

Mbu na dawa zao

Kioo kikifunguliwa mbu hubisha hodi, na Kisumu au Mombasa si mahali pa kumkaribisha. Mbu wa malaria huuma usiku, na dereva anayetoka Nairobi ambako malaria ni adimu hana kinga mwilini ya kumsaidia. Kata kipande cha chandarua chenye dawa, kibane kati ya mlango na fremu yake, au ukishone kama soksi na kuuvisha mlango mzima.

Ile dawa ya kuzunguka inayochomwa ikatoa moshi isiwashwe garini kamwe. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2003 ulionyesha kwamba kuungua kwa duara moja la dawa hizo huweza kutoa chembechembe laini za moshi sawa na zile za sigara kati ya 75 na 137, na hicho kilikuwa kipimo cha chumbani. Ndani ya gari hesabu hiyo sitaki hata kuifikiria, sembuse kwa mwenye pumu.

Chai ya mgeni

Juu ya wezi, nina jambo moja ambalo ni la kitabibu. Mwizi wa siku hizi si lazima avunje kioo. Huja na tabasamu na chupa ya soda, na ndani yake mna kile ambacho watu wa mjini hukiita "mchele", yaani dawa za usingizi. Hatari yake si kuibiwa tu. Dawa hizo zikichanganyika na pombe huupoza ubongo hadi mtu asahau kuvuta pumzi, au atapike akiwa chali na kusakamwa na matapishi yake. Kula na kunywa ulichonunua mwenyewe na kufungua mwenyewe. Ukimkuta mwenzako amelala usingizi usio wa kawaida, hajibu wala hastuki ukimfinya, mlaze ubavu, mdomo uelekee chini, na umpeleke hospitali. Usimwache "alale pombe iishe."

Haja ndogo

Choo ndicho kinachosahaulika zaidi. Asiyekuwa na choo karibu hujizuia kunywa maji tangu jioni, na akibanwa hujikaza hadi alfajiri. Baada ya miezi kadhaa ndipo huja kwangu na mawe kwenye figo, au mkojo unaowasha. Wanawake, ambao njia yao ya mkojo ni fupi, huugua upesi zaidi, na kwao kushuka garini usiku kwenda gizani kuna hatari nyingine ambayo sina haja ya kuieleza. Ndiyo sababu nasema mahali pasipo choo hapajakamilika hata kama pana mabawabu kumi. Kunywa maji mengi mchana, punguza saa mbili kabla ya kulala, wala usione aibu kuwa na chupa yenye mdomo mpana na kifuniko.

Anayetumia insulini asiiache ndani ya gari mchana. Ikishaanza kutumiwa isizidi nyuzi 30 za joto, na jua la Mombasa hupita hapo kabla ya saa nne asubuhi. Ibebe mfukoni au ndani ya mtungi wa udongo wenye ubaridi.

Usingizi wenyewe

Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Watafiti wamepima na kukuta kwamba aliyekaa macho kwa saa 17 hadi 19 huendesha gari kama mtu mwenye nusu gramu ya pombe katika kila lita ya damu, kiwango ambacho nchi nyingi humkataza dereva kukipita. Miraa haiondoi uchovu huo. Inauficha, huku ikipandisha presha na mapigo ya moyo, na ikiisha nguvu dereva hutafuta pombe ili apate usingizi. Huyo hawezi kuamka amepumzika, hata akilala kwenye godoro la hoteli. Ukiamka, subiri kama nusu saa kabla ya kushika usukani, kwani ubongo hauwaki mara moja kama injini.

Sheria ya Trafiki, kwa marekebisho ya mwaka wa 2012, inamkataza dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Ni sheria nzuri. Lakini kati ya Mombasa na Nairobi pana kilomita 480 hivi, na lori lililosheheni likikwama kwenye msongamano saa hizo 8 huisha kabla ya safari. Sheria imesema dereva asimame bila kumwonyesha pa kusimama. Ukweli ni kwamba kaunti zetu hukusanya ada za maegesho mchana kwa bidii kubwa, na jua likitua kila mtu hujitafutia.

Si lazima iwe hivyo. Katika mji wa Santa Barbara, jimbo la California nchini Marekani, ambako kodi za nyumba zimewasukuma watu wengi kuishi ndani ya magari yao, shirika la New Beginnings lilianza mwaka wa 2004 kuwapangia watu hao sehemu za kuegesha usiku. Walitumia nyua za makanisa na za mashirika, ambazo usiku hukaa tupu. Nyua za namna hiyo tunazo tele. Pakiwekwa bawabu, taa na choo, na sharti moja tu kwamba injini zizimwe, gharama yake ni ndogo kuliko ya kitanda kimoja cha wagonjwa mahututi.

Ukimkuta amezirai

Iwapo utamkuta mtu ndani ya gari linalonguruma au lenye jiko, na haamki, usiingie kukaa naye. Vuta pumzi nje, fungua milango yote, zima injini, mvute hadi penye hewa safi. Piga 999 au 112. Kama hapumui na unajua kumpulizia na kumkanda kifua, anza mara moja. Maziwa, ambayo watu hupenda kuwanywesha walioathiriwa na gesi, hayana faida, na kwa asiye na fahamu humwingia mapafuni.

Tiba yake ni oksijeni safi kwa barakoa. Kwa hewa ya kawaida mwili huchukua saa nne hadi tano kupunguza gesi hiyo kwa nusu tu. Kwa oksijeni safi ni kama saa moja au moja na nusu. Kwa hiyo mpeleke mahali penye mitungi ya oksijeni, wala si kwenye duka la dawa.

Ukifika, mwambie muuguzi wazi kwamba mgonjwa alikuwa amelala garini injini ikiwaka, au na jiko. Neno hilo moja lina uzito kuliko unavyodhani. Kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hakiwezi kutofautisha oksijeni na kaboni monoksidi, na kitaonyesha 98 kwa mtu anayekufa. Mama mjamzito apewe oksijeni hata akisema amepata nafuu, kwani mtoto tumboni huathirika zaidi na huchelewa kusafishika.

Aliyepona na kuruhusiwa kwenda nyumbani achunguzwe na jamaa zake kwa wiki sita hivi. Wengine huanza kusahau majina, kukasirika bila sababu au kutembea kwa kuyumba siku nyingi baada ya usiku ule, na hapo wenyeji hudhani amerogwa au ameanza kulewa. Arudishwe hospitali, na ile habari ya gari isimuliwe tena kwa daktari atakayempokea.